Klimatizere ikipuliza hewa ya moto: tafuta ugonjwa mbele ya kutia gazi



Mwezi wa kumi, mbele ya mvua kuanza vizuri, joto inapanda hapa Katanga na vumbi inajaa mu njia za karieri. Shofere anabonyeza kifungo cha klimatizere, na hewa inatoka moto kama ya jikoni. Wengi wanasema mara moja: «Gazi imeisha, tutie ingine.» Hapana. Ku dispansere hatutoi muti kwa sababu tu mwili ni moto. Tunatafuta kwanza homa inatoka wapi. Kwa motokari ni vilevile.

Tena hili ni jambo la afya. Mu kamio ya karieri, klimatizere inamusaidia shofere kufunga madirisha. Ikikufa, anafungua, na vumbi ya majiwe inaingia mu mapafu. Vumbi yenye silisi inaweza kuleta silikozi, ugonjwa ambao hakuna muti wa kuuponyesha. Basi usinyamaze siku mingi: andika mu kitabu cha motokari na umuambie mukubwa wa kazi.

1. NAMNA INAVYOTUMIKA

Gazi inazunguka ndani ya mifereji iliyofungwa. Kompresa, inayozungushwa na mukaba wa motere, inakaza gazi, nayo inakuwa moto sana. Inapita mu kondensere, mbele ya radiatere. Pale inaacha joto inje na kugeuka kama maji. Kisha inapita mu tundu dogo, inapanuka, na inakuwa baridi sana nyuma ya tablo. Ventilatere inapuliza hewa pahali pale, na hewa inakufikia ikiwa baridi.

Shika neno hili: gazi haiungui kama esanse. Ikipunguka mpaka hewa inakuwa moto, kuna pahali inatokea. Ukitia ingine bila kuziba pahali pale, unatupa feza.

2. NAMNA YA KUTAFUTA

Simamisha motokari inje, kamwe si mu garaji iliyofungwa: moshi ya motere iko na gazi isiyo na harufu inayoua. Kaza freni ya mukono. Weka vidole, nguo na nywele mbali na mukaba. Ventilatere ya radiatere inaweza kuanza peke yake, hata motere imezimwa.

a) Hewa inatoka kidogo ao haitoke: angalia fuzi, ventilatere ya ndani, na filtre ya hewa. Kwetu filtre inajaa vumbi mbio.

b) Hewa inatoka na nguvu lakini ni moto: motere ikitumika, mwenzako abonyeze kifungo. Sikiliza «tak!» ku kompresa, na uangalie kama sahani yake ya mbele inazunguka. Kama haizunguke, sababu inaweza kuwa fuzi, waya, ao gazi kidogo sana, kwa maana kuna kifungo kinachokataza kompresa kutumika pasipo gazi ya kutosha. Angalia pia kama mukaba umelegea.

c) Baridi ukitembea, moto ukisimama: mara nyingi kondensere imejaa vumbi, ao ventilatere yake haizunguke. Zima motere, iache ipoe, kisha osha kondensere na maji ya nguvu kidogo. Maji ya nguvu sana inakunja mabati membamba.

d) Kompresa inazunguka na mufereji munene unaotoka ku tablo ni baridi, lakini hewa ni moto: kamulango kanakochanganya hewa ya moto na ya baridi kamekwama. Zima motere mbele ya kugusa mufereji.

e) Mafuta yenye kushika vumbi ku maungio ya mifereji: pengine gazi inatokea pale, kwa maana mafuta ya kompresa inatembea pamoja nayo.

3. PAHALI MIKONO YAKO INAISHIA

Usifungue mufereji hata mumoja. Gazi ni kazi ya fundi mwenye mashini yake, miwani na glovu. R-134a, iliyoenea mu motokari tangu miaka ya 1990, inachemka kwa −26 °C: ikikurukia, inagandisha ngozi na jicho. Motokari mingi mipya inatumia R-1234yf. Usizichanganye, soma karatasi iliyobandikwa chini ya kapo.

KAMWE USITIE GAZI YA KUPIKIA. Ikivuja, inaweza kuwaka pamoja na watu. Usichomelee mufereji wenye gazi: moto unaigeuza kuwa sumu. Tena gazi hizi ni nzito kuliko hewa. Zinakaa mu shimo la garaji na kumunyima mutu pumzi.

4. MUSAADA WA KWANZA

Jicho: osha na maji safi dakika 15 ao zaidi, usilisugue, nenda lopitali mbio.

Ngozi iliyoganda: itie mu maji ya vuguvugu. Usisugue, usikaribishe moto, usipake mafuta. Nenda dispansere.

Mutu aliyeanguka mu shimo: usishuke peke yako. Ita watu, pitisha hewa, atolewe na walio na vyombo vya kupumulia.

5. WAKATI UNANGOJA FUNDI

Kunywa maji kidogo kidogo, usingoje kiu. Ukisikia kizunguzungu, kichwa kuuma ao misuli kukaza, simama pa kivuli. Mwenzako akianza kusema ovyo, umupoze na maji na umupeleke lopitali bila kukawia. Wazazi, musiache mutoto mu motokari iliyofungwa, hata kwa dakika kidogo.

MAULIZO YA NYUMBANI

Kwa nini gazi inapunguka? Motokari inapoza njiani lakini si ku kituo: utaangalia nini kwanza? Gazi imeruka mu jicho la fundi: utafanya nini, na kwa dakika ngapi?

Mutu asiyeweza kujibu asome tena mbele ya kufungua kapo.