Usikimbilie Kikokotoo, Kwanza Tafuta Msingi Mmoja

Wadau wa mwaka wa kwanza, mitihani ya sapu inakaribia, na kwenye vikundi vya kujisomea naona jambo lilelile. Mtu akikuta mlinganyo wenye x huko juu kwenye kipeo, mkono unakwenda kwenye kikokotoo. Je, siku ukiambiwa kikokotoo hakiruhusiwi?

Mimi huanza na swali moja: namba hizi mbili zinatokana na namba ipi? Chukua hii:

4ˣ⁺¹ = 8ˣ

Hizi ni ndugu wa tumbo moja: 4 ni 2², 8 ni 2³. Tuandike upya:

2²⁽ˣ⁺¹⁾ = 2³ˣ

Msingi sasa ni mmoja, yaani 2, kwa hiyo vipeo ni sawa: 2x + 2 = 3x, basi x = 2. Hakiki: 4³ ni 64, na 8² ni 64. Imekubali.

Wengi wanateleza kwenye mabano. Ile 2 inazidisha x, inazidisha na 1 pia. Ukiandika 2x + 1 utapata x = 1, lakini 4² ni 16 na 8¹ ni 8. Kuhakiki ni suala la sekunde chache tu, na maksi zako zinapona.

Sasa, kwa nini tunaruhusiwa kuacha misingi? Utasikia, "2 na 2 zimekatana." Siyo kweli jamani, hakuna kilichogawanywa. Sababu ni kwamba x ikiongezeka, 2ˣ inapanda tu, hairudii thamani iliyokwishapita. Vipeo viwili tofauti haviwezi kutoa jibu moja. Msingi ukiwa 1, hoja hiyo inakufa: 1³ = 1⁷, ila 3 siyo 7.

Wenzetu wa udaktari wanaikuta kwenye iodini-131, inayotumika kutibu maradhi ya tezi ya shingo. Kila baada ya siku 8 hivi inabaki nusu. Lini itabaki 1/32?

(1/2)ᵗᐟ⁸ = 1/32 = (1/2)⁵

Basi t/8 = 5, yaani siku 40. Kikokotoo kiko mfukoni bado.

Na 2ˣ = 3 je? Hapo huwezi kuziandika zote mbili kama vipeo vizima vya namba nzima moja. Hiyo ndiyo kazi ya logi. Ila uifikie baada ya kutafuta msingi mmoja na kuukosa.