Gesi ya Samadi Hubebwa kwa Mfuko, Si kwa Mtungi

Ng'ombe wawili wa maziwa wanaolishwa zizini hutoa kinyesi kibichi cha kilo 30 hadi 40 kwa siku. Kikichanganywa na maji kwa kipimo sawa na kutiwa kwenye mtambo wa bayogesi unaofanya kazi vizuri, kila kilo huweza kutoa lita 30 au zaidi za gesi. Hiyo ni kama lita 1,000 kwa siku, ingawa sehemu za baridi hupata pungufu. Jiko la kichomeo kimoja hutumia lita 300 hadi 400 kwa saa, kwa hiyo familia ndogo inaweza kumaliza kupika na gesi ikabaki. Mfugaji huanza kufikiria jinsi ya kuifikisha kwa nyanya ng'ambo ya mto, au kwenye kibanda cha chai sokoni.

Hapo ndipo wengine huchukua mtungi mtupu wa kilo 6 na kompresa iliyotolewa kwenye friji kuukuu. Wakazi wanaombwa kutojaribu jambo hilo, na sababu zake zinafaa kueleweka.

Gesi ya dukani hukaa mtungini ikiwa majimaji. Ikikandamizwa kiasi tu, hugeuka majimaji, na lita 1 ya majimaji hayo huwa lita 250 hivi za gesi inapotoka. Bayogesi ni tofauti. Sehemu yake inayowaka ni methani, ambayo katika joto la kawaida haigeuki majimaji hata ikandamizwe vipi. Lazima kwanza ipozwe hadi nyuzi 82 chini ya sifuri. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6, ambao ndani yake ni kama lita 14, ukijazwa kwa mgandamizo mara 8 ya ule wa hewa ya kawaida, hubeba lita 110 hivi za bayogesi. Zitawaka kwa dakika 20. Maharagwe hayatakuwa yameanza hata kulainika.

Kwa dakika hizo 20, mtu hujitia hatarini. Kompresa ya friji haina kipimo cha kumwonya, na mpira ukilegea huvuta hewa pamoja na gesi. Bayogesi iliyochanganyika na hewa ndani ya chuma, karibu na cheche ya umeme, hulipuka. Isitoshe, gesi ya samadi ina unyevu na gesi ya salfa, ile yenye harufu ya yai bovu, na hivi viwili hula chuma na valvu kutoka ndani pasipo kuonekana. Mtungi huo ukirudishwa dukani kubadilishwa, hatari huhamia kwa jirani. Kisheria pia, mitungi ya kupikia hujazwa na wenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA) pekee.

Ni kweli mabasi ya mji wa Linköping, Uswidi, hutumia bayogesi iliyokandamizwa. Lakini hiyo husafishwa kiwandani hadi ibaki karibu methani tupu, kisha hutiwa kwenye mitungi minene iliyoundwa kwa mgandamizo mkubwa. Si kazi ya zizini.

Njia inayomfaa mfugaji ni mfuko. Mfuko wa lita 1,000, wa plastiki nzito isiyopitisha gesi, hufanana na godoro lililofura. Gesi iliyomo ina uzito wa kilo 1 hivi tu, hivyo hata msichana wa shule anaweza kuubeba mgongoni, ila usumbufu ni ukubwa wake siku ya upepo. Nchini Ethiopia mifuko ya namna hii imetumika kubebea gesi ya kuuza. Mkokoteni unafaa pia. Bodaboda haifai kwa sababu ya joto la ekzosi, wala matatu yenye abiria.

Kabla ya kuingia mfukoni, gesi ipitishwe kwenye chupa ya kunasa maji, kisha kwenye kopo lenye sufi ya chuma ya kusugulia sufuria, iliyoachwa ipate kutu. Kutu hunasa salfa. Sufi ikigeuka nyeusi ibadilishwe, na ile kuukuu ilowekwe maji kabla ya kutupwa, kwani ikikutana na hewa huweza kupata moto yenyewe. Kuna jambo ambalo wengi husahau: gesi iliyosafishwa hivyo hupoteza harufu, kwa hiyo uvujaji utafutwe kwa povu la sabuni kwenye viungo, kamwe si kwa kiberiti.

Mfuko mpya ukamuliwe hewa yote kabla ya kujazwa. Wakati wa kupika uwekwe nje ya jikoni, kivulini, na gesi ifike kwenye jiko kwa mpira. Ubao wenye mawe machache juu ya mfuko hutosha kuisukuma. Jiko liwe la bayogesi, kwani tundu la jiko la gesi ya dukani ni dogo mno na moto utakuwa dhaifu au utazimika.

Anayetaka kuuza apige hesabu ya haki. Mfuko mmoja huwaka karibu saa 3, na nguvu yake ni sawa na chini kidogo ya nusu kilo ya gesi ya dukani. Mifuko 13 hivi ndiyo humfikia mtungi wa kilo 6, basi bei isipite hapo. Na kama nyumba ya pili iko ndani ya boma lilelile, mfuko hauna haja. Paipu iliyolazwa kwa mteremko, yenye koki ya kutolea maji sehemu ya chini kabisa, hufanya kazi hiyo kila siku bila mtu kubeba chochote.