SOMO: MVINYO WA INDIA NA ZABIBU ZA DODOMA

Zabibu ni zao lisilongoja. Kahawa ya Tarime ikishakaushwa vema huweza kukaa ghalani hadi siku ya mnada, na pamba ya Serengeti huweza kulala chini ya paa la chama mpaka gari lije. Kishada cha zabibu kilichokatwa asubuhi, kikiachwa penye joto, huanza kuharibika baada ya siku chache tu. Mkulima wa zabibu, basi, hana uwezo wa kumwambia mnunuzi kwamba atasubiri bei nzuri. Wakulima wa India walipambana na shida hiyo hadi mvinyo wa nchi yao ukapata wanywaji ng'ambo, nao wakulima wa Dodoma wangali wakipambana nayo.

India haikujulikana kuwa nchi ya mvinyo. Mizabibu mingi ya huko ilipandwa kwa ajili ya zabibu za kula, hasa katika jimbo la Maharashtra, kandokando ya mji wa Nashik. Mahali hapo pana mwinuko wa kadiri ya mita 600, usiku wa kipupwe huwa baridi, na mvua za masika huja kwa nguvu kuanzia Juni. Kwa kuwa mvua hiyo ingeozesha matunda, wakulima hupogoa mara mbili: mara ya kwanza baada ya mavuno, mara ya pili mvua zinapokwisha. Kwa njia hiyo mavuno ni moja tu, kati ya Januari na Machi, wakati wa ukavu.

Kampuni ya Grover ilianza mapema karibu na Bangalore, kusini. Huko Nashik, Rajeev Samant alirudi kutoka California, akapanda mizabibu ya mvinyo katika ardhi ya familia yake, na mwaka 2000 chupa za kwanza za Sula zikaingia sokoni. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ilitangaza sera ya kusaidia usindikaji wa zabibu, ikaupunguzia mvinyo wa jimbo mzigo wa ushuru. Viwanda vikaongezeka haraka. Mwaka 2011 maduka ya Waitrose nchini Uingereza yaliweka mvinyo wa India rafuni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mvinyo huo hunywewa India kwenyewe. Soko la nje lilijengwa juu ya soko la nyumbani.

Mwaka 2008 ulileta msiba. Uchumi wa dunia uliyumba, na mwezi Novemba hoteli kubwa za Mumbai zilishambuliwa. Wageni wakapungua na mvinyo ukabaki katika matangi. Viwanda vilivyojaa mvinyo usiouzika havikuweza kupokea zabibu mpya. Zabibu za mvinyo ni ndogo na zina kokwa nyingi, wala hazipendwi mezani, kwa hiyo mkulima hakuwa na mahali pengine pa kuzipeleka. Wengi waling'oa mizabibu waliyoitunza kwa miaka, wakarudia zabibu za kula.

Upande huo wa zabibu za kula kulikuwa na chombo cha wakulima wenyewe. Mwaka 1991 vyama vya ushirika vya wakulima wa Maharashtra viliunda Mahagrapes, chombo cha pamoja cha kuuza Ulaya. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya hasara: shehena zilikataliwa kwa sababu ya ubora hafifu na mabaki ya dawa. Vyama vikajenga vyumba vya kupoza matunda, vikawafundisha wanachama dawa ipi inyunyizwe na lini, na vikaweka alama katika kila sanduku ili mkulima wake ajulikane. Neno hili la mwisho lazima liliwauma baadhi ya wanachama, maana mzembe hakuweza tena kujificha nyuma ya jina la chama.

Dodoma mizabibu ilianza kustawi katika miaka ya 1950, kwa juhudi za wamisionari wa Kiitaliano. Leo zabibu huvunwa huko mara mbili kwa mwaka, fadhila ambayo Nashik haina. Lakini mavuno ya Februari na Machi huja wakati wa mvua, pamoja na ubwiri na sukari pungufu. Yale ya Agosti na Septemba ndiyo matamu. Aina iliyoenea ni Makutupora nyekundu, iliyopewa jina la mahali penye kituo cha utafiti wa zabibu.

Kilo 100 za zabibu hutoa lita 60 hadi 70 za mchuzi. Mchuzi uliokamuliwa kwa usafi na kuhifadhiwa katika tangi linalofaa huweza kungoja, zabibu hazingoji. Mwenye kinu na tangi ndiye mwenye sauti katika bei. Katika misimu ambayo wanunuzi wakubwa walisita, zabibu ziliozea mashambani, ingawa nchi ilizidi kuagiza mvinyo wa Afrika Kusini. Hata mgeni alalaye hotelini Serengeti mara nyingi huletewa chupa hiyo. Soko la ng'ambo limekuja lenyewe mpaka mlangoni, na bado halijapokewa ipasavyo.

Jambo jingine lahusu mizani. Chama kikilipa bei moja kwa kilo, bila kupima sukari, mwanachama aliyengoja zabibu ziive humlipia jirani aliyekata mapema kwa tamaa ya uzito. Punje za kahawa mbichi zilizochanganywa na nyekundu katika gunia moja huleta dhuluma hiyo hiyo, nayo haihitaji mlanguzi. Hufanywa na wanachama wao kwa wao.

Katibu atakayeleta somo hili mkutanoni aanze na daftari la mapokezi la msimu uliopita: kilo ngapi zilipokelewa, ngapi zilishushwa daraja, ngapi ziliharibika kabla ya kuuzwa, na thamani yake ni shilingi ngapi. Kisha wanachama waweke hesabu hiyo kando ya gharama ya kifaa wanachokikosa, kiwe tangi, kinu, chumba cha baridi au vichanja vya kuanikia, wajadiliane ni misimu mingapi ya hasara ingetosha kukinunua.