Mpira Utamfikiaje? Namna ya Kuwajadili Washambuliaji Kabla ya Msimu

Mtu akikutajia mshambuliaji mpya na kuapa kwamba msimu huu atafunga mabao 20, usimkatalie wala usimkubalie. Muulize tu: mpira utamfikiaje? Utatoka kwa beki wa kulia anayepanda na kupiga krosi? Kwa kiungo anayejua kupenyeza pasi katikati ya mabeki wawili? Au ni ule mpira mrefu wa kipa, wa kwenda kugombaniwa hewani? Akishindwa kujibu, bado hajaongea habari za timu. Ametaja jina.

Hapa Kolwezi mabishano haya hupamba moto mwezi wa saba na wa nane, wakati wa vumbi na baridi, watu wakikaa karibu na mbabula. Wapenzi wa Mazembe wana mtu wao, wa Lupopo wana wao, na tunaoshabikia timu za nyumbani, AS Simba na FC Blessing, tunaanza kwa kuhesabu nani amebaki. Ni mazungumzo ninayoyapenda kuliko hata mechi zenyewe za mwanzo wa ligi, na ndiyo maana inaniuma yakiishia kwa mwenye sauti kubwa. Kule Musompo, kwenye soko la madini, hakuna mchimbaji anayekubali bei ya mawe yake kwa sababu mnunuzi ameyatazama rangi. Yanapimwa na mashine, na hata mashine yenyewe watu huibishia. Kwa mshambuliaji lakini tunatosheka na rangi: video ya dakika mbili kwenye simu, mabao manne yamekatwa na kuunganishwa, basi tumeshampa msimu mzima.

Chukua mfano ambao kila mpenzi wa mpira wa Katanga anaukumbuka, Mbwana Samatta. Alikuja Lubumbashi kutoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011, na mwaka 2015 Mazembe wakachukua Ligi ya Mabingwa Afrika kwa mara ya tano, yeye akiwa na mabao 7 katika mashindano hayo. Fainali walicheza na USM Alger: 2-1 kule Algiers, 2-0 Lubumbashi. Kati ya mabao hayo manne ya Mazembe, mawili aliyafunga Samatta na yote mawili yalikuwa penalti. Mengine yalikuwa ya Rainford Kalaba na Roger Assalé. Sisemi hivyo kumpunguzia Samatta. Kupiga penalti ya fainali ugenini, Algeria, kunataka moyo. Ninachosema ni kwamba penalti hupatikana kwa sababu kuna mtu aliyeingia na mpira ndani ya boksi, na ile timu ilikuwa na watu wengi wa kuingia na mpira ndani ya boksi.

Kisha mfuate huko alikoenda. Akiwa Genk, Ubelgiji, msimu wa 2018/19 timu ilichukua ubingwa na yeye alifunga mabao 23 ya ligi. Januari 2020 akahamia Aston Villa, timu iliyokuwa ikipigania kutoshuka daraja Uingereza, na katika mechi 14 za ligi akafunga bao 1. Miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya mipira iliyomfikia akiwa mahali pazuri, na ubora wa mabeki waliomkaba. Kwa hiyo klabu yako ikisajili mtu aliyefunga 15 kwingine, kabla ya kushangilia tafuta nani alikuwa anampa mipira huko, kisha uliza kama mtu wa namna hiyo yupo hapa.

Fiston Mayele anatufundisha jambo hilo hilo kwa upande wa furaha. Aliondoka AS Vita ya Kinshasa mwaka 2021 akaenda Yanga, na msimu wake wa pili huko akamaliza na mabao 17 ya ligi, huku akifunga 7 katika Kombe la Shirikisho ambalo Yanga walifika fainali. Alikuta timu inayomiliki mpira, yenye viungo wanaotazama mbele kwanza. Kabla ya hapo waliomjua hapa kwetu walimwona mpambanaji mzuri. Wachache wangeapa kwamba atakuwa mfungaji wa kuogopwa Afrika nzima. Alipohamia Pyramids ya Misri akachukua Ligi ya Mabingwa mwaka 2025, na katika mechi ya pili ya fainali akafunga.

Sasa hesabu. Wengi huhesabu mabao kwa msimu, na hapo ndipo mabishano yanapoharibika. Hesabu kwa dakika. Tuseme mshambuliaji wa kwanza ana mabao 9 katika dakika 1,800, na wa pili ana 6 katika dakika 810. Mezani wa kwanza ndiye mkali. Lakini wa kwanza anafunga kila baada ya dakika 200, wa pili kila baada ya dakika 135. Toa penalti: ikiwa wa kwanza alipiga 3, amebaki na 6, yaani bao moja kila dakika 300. Hapo unaweza kuuliza swali la maana: kwa nini kocha alikuwa anamwingiza wa pili dakika ya 65 tu. Labda anachoka. Labda anang'aa pale tu mabeki wanapochoka wao. Hilo linajadilika, na ni mjadala mtamu.

Takwimu za ligi yetu si rahisi kuzipata zikiwa kamili, kwa hiyo daftari ni lako mwenyewe. Mechi zenyewe si nyingi: kwa miaka ya karibuni Linafoot imekuwa ikigawanywa katika makundi mawili kabla ya hatua ya mwisho ya kutafuta bingwa, na viporo ni vya kawaida. Mfungaji mwenye mabao matano katika mechi saba anaweza kuwa mkali kweli au akawa amekutana na mabeki wabovu wiki mbili mfululizo. Kumbuka Leopards, timu yetu ya taifa, katika Kombe la Afrika kule Ivory Coast, Januari 2024. Mechi tatu za makundi, sare tatu, mabao mawili tu. Aliyefunga hesabu pale aliandika kwamba hatuna safu ya mbele. Tukawatoa Misri kwa penalti, tukawafunga Guinea 3-1, tukafika nusu fainali. Na mabao yale matatu dhidi ya Guinea tazama yalivyopatikana: beki Chancel Mbemba, penalti ya Yoane Wissa, mpira wa adhabu wa Arthur Masuaku ambaye pia ni beki. Timu inaweza kufunga bila straika wake kufunga, kwa hiyo ukiorodhesha watakaofunga msimu ujao, usiwasahau mabeki warefu wa mipira ya kona wala mpigaji wa adhabu. Mimi hupenda kuanza orodha kwa mpigaji wa kona.

Anayefanya zamu ya usiku mgodini, na Kolwezi ni wengi, mara nyingi hupata mechi kwa redio au kwa mdomo wa mwenzake. Hilo halikuzuii kuweka daftari. Badala ya kuuliza "tumefunga ngapi?", uliza "bao lilianzia wapi?" Mwenzako atakwambia: lilianzia kwa beki wa kushoto, akampa winga, winga akarudisha nyuma, mtu akamalizia. Andika jina la aliyetoa pasi pamoja na la aliyefunga. Baada ya wiki sita utagundua kwamba jina moja linajirudia, na mara nyingi si jina linaloimbwa uwanjani.

Mechi za kirafiki zina mtego wake. Mpinzani hajali sana, kocha anabadilisha watu nane wakati wa mapumziko, na bao la nne linafungwa dhidi ya vijana wa akiba. Matokeo yasikushughulishe. Chagua mshambuliaji mmoja, mtazame yeye peke yake dakika kumi na tano, macho yako yasifuate mpira. Ni vigumu, utajikuta unaufuata, rudi tena kwake. Weka alama kwa mambo matatu: kila anapoomba mpira akiwa kwenye nafasi, kila anapoupokea akiwa ameelekea goli, kila mguso wake wa kwanza unapomponyoka. Mshambuliaji anayeomba mara kumi na kupewa mara mbili hana tatizo la miguu, ana tatizo la wenzake, na msimu ujao akipata kiungo sahihi atakushangaza. Yule anayepewa mara kumi akiwa amelipa goli mgongo kila mara ni mtu wa kuwatunzia wenzake mpira. Msihesabu mabao kwake, hesabuni nafasi anazowafungulia wengine. Kwa winga, angalia jambo moja zaidi ambalo watu hulipita: krosi inapotoka upande wa pili, yeye yuko wapi? Winga anayefika kwenye nguzo ya mbali atafunga mabao matano au sita ya bure kwa msimu. Anayebaki kwenye mstari akishangaa hafungi, hata akiwapiga chenga mabeki wote wa Lualaba.

Na uwanja wenyewe uutazame. Kule Kamalondo, Lubumbashi, kwenye uwanja wa Mazembe uliofunguliwa mwaka 2011, walitandika nyasi bandia. Mpira huteleza haraka na pasi fupi hulipa. Kwenye kiwanja cha udongo mkavu wa Agosti mpira hurukaruka, na winga mwenye mbio huonekana kama radi. Mvua zikishaanza, na kwetu huendelea mpaka mwezi wa nne, kiwanja hicho hicho humeza mbio zake. Utabiri uliofanywa kwenye vumbi lazima uwe na nafasi ya matope.

Kisha ujiulize: akiondoka? Kwa timu za Kolwezi hili ndilo jambo zito kuliko yote. Kijana akifunga vizuri hapa, Lubumbashi wanampigia simu. Akifunga Lubumbashi, Dar es Salaam au Casablanca wanampigia. Kwa hiyo unapojadili Simba au Blessing, tathmini ya straika mmoja haitoshi. Jadili wa pili na wa tatu, na jadili kama kuna kijana wa miaka 18 anayefanya mazoezi na wakubwa. Wala msikate tamaa mapema mtu akikosekana. Mwaka 2010 Trésor Mputu, aliyekuwa nyota wa Mazembe, alifungiwa na FIFA baada ya vurugu katika mechi ya Kombe la Kagame kule Kigali. Mabishano ya wakati ule mnayakumbuka. Bila yeye Mazembe walitetea ubingwa wa Afrika, wakaenda Abu Dhabi, wakaifunga Internacional ya Brazili 2-0 kwa mabao ya Kabangu na Kaluyituka, wakacheza fainali ya klabu za dunia na Inter ya Milano. Mabao yaliyokuwa ya mtu mmoja yaligawanyika kwa wengi.

Mezani atakuwepo mzee. Papa atakwambia kwamba hawa wa leo hawajui kufunga, na atamleta Ndaye Mulamba, mabao 9 katika Kombe la Afrika la 1974, rekodi ambayo haijavunjwa. Usimcheke na usimkatize. Muulize: papa, nani alikuwa anampa mipira? Ataanza kuwataja kina Mayanga na Kakoko, ataeleza fainali mbili na Zambia, 2-2 na kisha 2-0, mabao yote manne ya Ndaye, na utapata somo la ushambuliaji ambalo halipo kwenye simu yako. Swali la heshima linatoa maarifa mengi kuliko ubishi.

Kuna maneno ambayo hayana nafasi katika mjadala wa mpira Kolwezi. Jina la rais wa klabu likianza kuvuta siasa, rudini uwanjani. Mshambuliaji hakupigiwa kura. Na zaidi ya hilo, asipimwe mchezaji kwa kabila au jimbo alikotoka, kwamba huyu ni wa kwetu na yule ni mgeni. Mji huu unajua maneno ya namna hiyo yanafika wapi. Mwaka 1992 na 1993 maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, majirani na wachezaji wenzao wakiwatazama wakisubiri treni. Timu ya Lubumbashi iliyotawala Afrika mwaka 2015 ilimtegemea Mtanzania, Mzambia na kijana wa Ivory Coast pale mbele. Mtu akileta ukabila katika kumpima winga, mwambie wazi kwamba amekosea, hata kama ni rafiki yako, na hata kama wengine watanyamaza.

Mkishabishana vya kutosha, andikeni. Karatasi moja, kila mtu mistari mitatu, na kila mstari uwe na sharti. "Atafunga sana" halipimiki. Andika hivi: "Akicheza pamoja na kiungo fulani kwa mechi sita za mwanzo, atakuwa na mabao matatu bila penalti, kiungo huyo akiuzwa, naondoa neno langu." Karatasi mpeni mtu asiyeshabikia timu yoyote kati ya hizo, ikiwezekana mama mwenye nganda, kwa sababu yeye hahami na hapotezi vitu. Pesa zisiwekwe juu ya karatasi hiyo. Mwenye pesa mezani hutetea pesa zake, na akishafanya hivyo hawezi tena kukiri alichokiona. Isomeni baada ya mechi ya sita, isomeni tena katikati ya msimu, na aliyekosea aeleze kilichobadilika: aliumia, alihamishiwa pembeni, kocha alifukuzwa, mvua iliwahi. Maelezo hayo yaandikeni nyuma ya karatasi ile ile, kwa sababu Julai ijayo ndiyo mtakayoanza nayo.