Tunavaaje kwenye picha ya familia?

*Shangazi, wakwe zangu wanashuka kutoka Lushoto mwezi Desemba, na mume wangu ameshamlipa mpiga picha malipo ya awali atupige picha ya familia Coco Beach, saa 11 jioni. Tutakuwa watu 9. Mume wangu anataka wote tuvae shati jeupe na jinzi, kama alivyoona mtandaoni. Mimi nataka kitenge cha sare. Binti yetu wa miaka 14 anasema akivalishwa sare haji. Mama mkwe bado hatujamuuliza. Nifanyeje?*
*Mama Watatu, Tabata*

Mwanangu, katika barua yako yote, kilichonishtua ni kwamba mama mkwe hamjamuuliza. Mpigie simu leo. Muulize ana nguo gani anayoipenda, ya kutokea, aliyoizoea mwilini. Akikutajia gauni lake la sikukuu na mtandio wake, basi hilo ndilo vazi la kuanzia, na ninyi wengine mtafute rangi za kukaa nalo. Jinzi asivalishwe. Hata akikubali kwa adabu, uso wake hautakubali, na siku za mbele picha hiyo mtaitafuta kwa ajili yake na babu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mumeo mweleze kwa upole. Shati jeupe likipigwa na jua hung'aa mno, na mpiga picha akipunguza mwanga ili liwe sawa, nyuso zetu zinazidi kuwa giza. Mpiga picha hodari atalimudu kwa mtu mmoja, lakini kwa watu 9 wenye weusi tofauti mtakuwa mnampa mtihani usio wa lazima. Kama moyo wake uko kwenye rangi tulivu, krimu au rangi ya udongo itamridhisha.

Sasa kitenge. Nakipenda sana, na sina ubishi kwamba kinaifanya familia ionekane ya kwetu. Ila watu 9 wakisimama bega kwa bega ndani ya ua moja kubwa, kitambaa kinawameza. Hujui mama anaishia wapi na mtoto anaanzia wapi. Kigawe. Kama mama mkwe hana chaguo lake, mshonee yeye gauni zima. Wewe vaa sketi ya kitenge na blauzi ya rangi moja iliyomo ndani yake. Mumeo na baba mkwe watosheke na kitenge kwenye kola au mfuko tu, na baba mkwe akitaka kanzu yake, aachwe nayo. Wadogo wavae tisheti za rangi hizo hizo, zisizo na maandishi.

Binti mpe kipande chake aende kwa fundi mwenyewe, achague mshono, hata kama kitaishia kuwa kilemba. Umri wa miaka 14 mwili unabadilika kila mwezi, na nguo iliyokatwa kwa macho ya mtu mwingine inamfanya mtoto ajione anatazamwa vibaya. Sidhani kama anawakataa ninyi. Muulize mkiwa wawili, mbali na masikio ya baba yake, na ukimpa uamuzi usiurudishe nyuma.

Kuhusu ufuko wenyewe: Coco Beach inatazama mashariki, kwa hiyo jioni jua liko upande wa mjini. Mkiipa bahari mgongo, mwanga unawafika usoni. Desemba jua la Dar huzama karibu saa 12:30, basi mwombe mpiga picha asogeze hadi saa 11:30, maana saa 11 bado mtakunja macho. Huo pia ni msimu wa kaskazi. Gauni jepesi lililopanuka chini litapeperuka mpaka muda wote muwe mnalishika, na mtandio utahitaji pini. Nunua pamba. Kitenge cha bei ya chini cha poliesta kinang'aa juani na kinapika mtu. Kijivu na bluu ya mpauko viogopeni, vinaonyesha jasho la kwapani hata kwa mtu aliyesimama tu. Njano kali na pinki ya kuwaka nazo hutupa rangi yake chini ya kidevu, mtu akaonekana mgonjwa.

Kitambaa kifike kwa fundi mapema, kabla hajalemewa na nguo za Krismasi. Watoto waje na nguo za kawaida, wabadilishwe pale pale dakika za mwisho. Wazee wabaki na viatu vyao, wengine pekupeku mchangani. Na mbebe viti viwili vya mbao vya wakwe zako, kwa sababu kiti cha plastiki kitazama mchangani na bibi atakuwa anawaza kuanguka badala ya kutazama kamera.