Ndoa na Raia wa Nchi Jirani: Hatua za Kufuata Baada ya Harusi

Kuanzia Vanga hadi Lunga Lunga, si jambo geni kwa mkazi wa Kwale kupata mchumba upande wa pili wa mpaka. Familia nyingi zina jamaa Tanga na Pemba, na harusi zimevuka mpaka huu tangu zamani. Hata hivyo, ndoa peke yake haimpi mgeni haki ya kuishi Kenya, wala haimfanyi kuwa raia siku hiyo hiyo.

Tuchukue mfano. Msichana wa Vanga, raia wa Kenya, ameposwa na mvuvi wa Tanga, raia wa Tanzania. Wanataka kuishi Vanga. Wafanye nini?

1. Wapate cheti cha ndoa

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zinapaswa kusajiliwa, na bwana na bibi harusi wawe wametimiza miaka 18.

Wanaotaka ndoa ya kiserikali hutoa notisi kwa Msajili wa Ndoa angalau siku 21 kabla. Mgeni huombwa pia hati kutoka nchi yake ya kuonyesha kwamba hana kizuizi cha kuoa au kuolewa. Kwa ndoa ya Kiislamu, wahusika wahakikishe kwamba kadhi, sheikh au imamu anayewaozesha ameidhinishwa kutoa cheti.

Mtaa mzima unaweza kushuhudia nikaha, lakini afisa wa uhamiaji ataomba karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndoa ni vivyo hivyo.

2. Waombe pasi ya mtegemezi

Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia Kenya bila viza na anaweza kupewa pasi ya mgeni ya hadi miezi sita. Anayetaka kuishi na mwenzake huhitaji pasi ya mtegemezi, inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Maombi hufanywa kupitia mtandao wa eCitizen.

Pasi hii ni ya kuishi tu. Haimruhusu mwenye nayo kuajiriwa. Mvuvi wetu akitaka kufanya kazi Kenya, sharti apate kibali cha kazi.

3. Baada ya miaka mitatu: ukaazi wa kudumu

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamruhusu mume au mke wa raia wa Kenya kuomba ukaazi wa kudumu ndoa ikitimiza miaka mitatu. Akikubaliwa, hatahangaika tena kuomba pasi upya kila inapoisha.

4. Baada ya miaka saba: uraia

Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia mtu aliyeishi katika ndoa na raia wa Kenya kwa miaka saba au zaidi. Ndoa iwe imefungwa kisheria, iwe bado ipo siku ya kuomba, na isiwe ilifungwa kwa ajili ya kutafuta uraia.

Kabla ya Katiba ya 2010, haki hiyo ilikuwa ya wanawake walioolewa na Wakenya. Mwanamume aliyeoa Mkenya hakuwa nayo. Leo wote ni sawa.

Mvuvi wetu afikirie vizuri kabla ya hatua hii. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili, lakini Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Akichukua uraia wa Kenya, atapoteza ule wa Tanzania. Ukaazi wa kudumu haumtaki abadilishe uraia.

Mke, watoto na ardhi

Msichana wa Vanga hapotezi uraia wake kwa kuolewa na mgeni, wala ndoa ikivunjika. Watoto wao ni Wakenya kwa kuzaliwa, wawe wamezaliwa Vanga au Tanga, kwa sababu mzazi mmoja, awe mama au baba, anatosha. Kila mtoto atafutiwe cheti cha kuzaliwa mapema.

Kuhusu ardhi, asiye raia anaweza tu kuikodi kwa muda usiozidi miaka 99. Wanandoa wanaonunua shamba wapate ushauri wa wakili kabla ya kuandika majina.

Waende wapi?

Uraia na uhamiaji ni majukumu ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti haitoi pasi wala uraia. Wakazi waende Idara ya Uhamiaji au kwa Msajili wa Ndoa, na waulize ada rasmi kabla ya kulipa. Anayewaahidi uraia wa haraka kwa malipo ya pembeni anawadanganya.

Walio kwenye ndoa bila cheti waanze na hicho. Miaka mitatu na ile saba haitawafaa kitu kama hawawezi kuonyesha ni lini waliozana.