Volti 24 au 12: Kabla Hujabadilisha Umeme wa Injini Yako ya Dizeli

Kijitabu cha elimu kwa wenye malori, matrekta na vinu vya kusaga, Bumala, Busia na Malaba

Swali linatoka wapi

Barabara ya Kisumu kwenda Busia inapita soko la Bumala, na hapo ndipo njia ya Funyula na Sio Port inapoachana nayo. Fundi wa waya wa hapa hushika kila aina ya injini: lori la mizigo linaloelekea mpakani, trekta la kubeba miwa ya Butula, pikapu ya mwenye duka, kinu cha posho. Malori mengi ya Ulaya na Japani hutumia volti 24. Pikapu, matatu nyingi na matrekta hutumia 12. Malori makubwa ya Marekani nayo hutumia 12, kwa hiyo usikisie volti ya gari kwa kutazama ukubwa wake. Soma kibati kilicho kwenye stata na kwenye alteneta.

Mara nyingi wazo la kubadilisha volti huja siku ya taabu. Stata ya lori kuukuu imekufa. Ya volti 24 haipatikani, ya 12 ipo dukani. Au betri mbili zimechoka pamoja, na mwenye lori ana pesa ya moja. Anaambiwa, "Mzee, hili tuligeuze liwe la 12, tumalizane nalo." Usikubali siku hiyo. Kama alteneta na nyaya za volti 24 bado ni nzima, tengeneza kilichoharibika na uache mengine yalivyo. Kubadilisha volti ni kazi ya gari zima. Ikifanywa nusu, kitakachosalia kitaungua, au kitakufa kidogo kidogo huku ukinunua vipuri kila mwezi.

Volti, ampea na unene wa waya

Wati ni volti zikizidishwa kwa ampea. Taa ya wati 60 kwenye volti 24 huvuta ampea 2.5, ya wati hizo hizo kwenye volti 12 huvuta ampea 5. Mwanga haujaongezeka, ila mkondo umekuwa mara mbili. Na mkondo ukiwa mara mbili ndani ya waya ule ule, joto la waya huwa mara nne. Ndiyo maana malori makubwa hupewa volti 24: umeme hufika taa za nyuma ya trela kwa waya mwembamba bila kupungua sana njiani.

Basi anayeshuka kutoka 24 kwenda 12 ajue kwamba amejinunulia nyaya mpya: waya wa stata, wa kuchaji, wa taa kubwa, na wa arthi unaotoka betri hadi kwenye injini. Huu wa mwisho husahauliwa sana. Fyuzi zitabadilika pia, lakini kamwe usiweke fyuzi kubwa kwenye waya mwembamba wa zamani. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya. Ukiweka ya ampea 30 kwenye waya wa kubeba 10, waya ndio utakaoungua kwanza, nyuma ya dashibodi, mahali ambapo dereva hauoni.

Stata

Dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na hewa hiyo haipati joto la kutosha injini ikizungushwa polepole. Stata ya volti 24 ikipewa 12 huzungusha injini kwa uvivu. Asubuhi ya baridi haitawaka kabisa, na kupiga stata mara kwa mara kutaimaliza betri.

Kinyume chake kina hasara kubwa zaidi. Stata ya volti 12 ikipewa 24 huruka kwa nguvu isiyoundwa kuibeba, na pinioni yake hugonga meno ya flaiwili mpaka yakavunjika. Kuyafikia meno hayo ni kushusha gia boksi. Wapo wanaosema stata ya 12 "inavumilia" 24 kwa sababu inafanya kazi sekunde chache tu. Inavumilia hadi siku inapokataa, na gharama ya siku hiyo hulipwa na mwenye gari.

Alteneta, na breki zilizo nyuma yake

Alteneta ya mfumo wa 24 huchaji kati ya volti 27.6 na 28.8 hivi, ya mfumo wa 12, kati ya 13.8 na 14.4. Kila moja ina kazi yake, haziazimani.

Kuna jambo hapa tunalotaka kila dereva alijue. Kwenye injini nyingi ndogo za dizeli za Kijapani, alteneta imebeba mgongoni pampu ya vakyum inayosaidia breki. Ukifungiwa alteneta ya gari lingine isiyo na pampu hiyo, taa zitawaka, betri itachaji, kila kitu kitaonekana sawa. Pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe. Kabla alteneta ya zamani haijatolewa, iangalie nyuma: ikiwa ina mpira mnene wa kuvuta hewa na bomba la oili, mpya lazima iwe navyo. Gari likitoka gereji, lijaribu breki uwanjani, likiwa tupu, kabla halijaingia barabarani.

Vitu vidogo vinavyosimamisha safari

Plagi za hita za volti 12 zikipewa 24 huungua kwa sekunde chache. Za 24 zikipewa 12 hazipati moto wa kutosha. Pampu ya dizeli yenye solenoidi ya kuzimia injini nayo ina volti yake. Solenoidi ya 24 kwenye 12 huenda isivute, na utapiga stata mpaka uchoke bila dizeli kupita. Ya 12 kwenye 24 itaungua, na injini itazima ukiwa na mzigo. Injini za zamani zinazozimwa kwa kuvuta kebo hazina shida hii. Geji ya joto ni ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ikipewa volti isiyo yake hudanganya, na injini inaweza kuchemka huku mshale umetulia. Halafu kuna balbu zote, indiketa, honi, waipa na rilei. Hesabu bei ya vyote hivi kabla hujasema kwamba volti 12 ni rahisi.

Redio iliyofungwa kwenye betri moja

Malori mengi ya volti 24 yana kosa hili. Taniboi anataka redio na chaja ya simu, vyote vya volti 12, na fundi anauchukua umeme kwenye betri moja kati ya zile mbili. Redio inalia, kila mtu anafurahi. Lakini alteneta inazichaji betri zote mbili kama mnyororo mmoja, haijui kwamba moja imenyonywa. Ile inayonyonywa haijai kamwe; mwenzake inajazwa kupita kiasi, inachemka na kukausha maji yake. Baada ya miezi kadhaa unalaumu aliyekuuzia betri.

Dawa yake ni kipunguza volti, kisanduku kidogo kinachopokea 24 kutoka betri zote mbili na kutoa 12. Watu kadhaa waliotaka kugeuza lori zima walihitaji kisanduku hiki tu.

Chanya kwenye bodi

Matrekta mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yalitoka kiwandani yakichajiwa na dainamo, na chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Ukifunga alteneta ya kisasa bila kugeuza betri, dayodi zake zitaungua pale pale. Pima kwa mita kwanza. Rangi za nyaya zilizopita mikononi mwa mafundi wengi haziaminiki.

Kazi yenyewe

Tafuta fundi mwenye mita na anayeitumia. Cheti cha mtihani wa ufundi wa NITA ni dalili njema, na hata aliyejifunzia jua kali anaweza kuufanya. Mwambie akuandikie orodha ya kila kitakachobadilishwa kabla hajafungua nati. Ncha ya betri iliyofungwa kwenye bodi, ambayo kwa kawaida ni hasi, hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho. Vua pete na saa. Usivute sigara: betri inayochaji hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja inatosha kuipasua. Asidi ikikuingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Kazi ikiisha, andika kwa rangi karibu na betri: VOLTI 12, au VOLTI 24, na pia chanya iko wapi. Kwenye foleni ya Malaba madereva huazimana umeme usiku, na anayekuja na nyaya za kukujampia hajui gari lako lilibadilishwa lini. Pikapu ya 12 isiunganishwe na betri mbili za lori la 24, hata kama wenye haraka nyuma yako wanapiga honi.